Miaka 22 nachora vyombo vya matanga vya safari ndefu, na kazi yenyewe ni mizani

#1 Msanifu_Tanga (mtoa mada)

Habari za humu, wakuu. Juzi kwenye uzi mwingine kijana mmoja aliuliza kama kuchora boti za matanga ni kazi ya mtu mzima au ni burudani ya wenye nafasi. Nilianza kumjibu, jibu likawa refu kuliko uzi wake, nikaona nisimharibie. Nimekuja kufungua wangu.

Mimi ni msanifu wa vyombo vya majini. Miaka 22 sasa. Mitano ya mwanzo nilikuwa kwenye vivuko na boti za kazi, iliyobaki nimechora chombo cha namna moja tu: cha matanga, mita 9 hadi 14, cha watu wawili au familia ndogo wanaotaka kuvuka bahari kuu na kuishi humo miezi. Sio cha mashindano. Sio cha tajiri mwenye mabaharia kumi na mpishi.

Watu wakisikia kazi yangu hunipigia picha nimeinamia meza, navuta mistari mizuri ya omo (mbele ya chombo) na shetri (nyuma yake). Mistari hiyo ipo, na siku ninayoivuta huwa nasahau kula. Lakini kwenye mradi wa miezi kumi huchukua wiki tatu. Muda uliobaki naandika jedwali la uzito. Kila kitu kinaingia: boliti, godoro, sufuria, mnyororo wa nanga, rangi, gundi. Kila kimoja kina kilo zake, umbali wake kutoka omo, na kimo chake juu au chini ya mstari wa maji. Chombo cha mwisho nilichomaliza, cha mita 12, jedwali lake lilipita mistari 1,100.

Kwa nini kujitesa hivyo? Chukua chombo ambacho urefu wake kwenye mstari wa maji ni mita 10 na upana wake hapo ni mita 3.2. Kukizamisha sentimita 1 tu inatosha mzigo wa kilo 220 hivi. Ukikosea tani moja, na kukosea tani moja ni rahisi kuliko unavyodhani, kimekaa sentimita 4 na nusu chini ya ulikosema kitakaa. Na hapo ni kama kosa limejigawa sawasawa. Ukipeleka kilo 200 mita 4 nyuma ya kati, shetri inashuka na omo inapanda, tofauti yake sentimita 6.

Hiyo hesabu ya mwisho siikumbuki kutoka darasani. Chombo changu cha kwanza kubeba jina langu, mwenyewe aliomba jenereta ndogo na betri za ziada ziwekwe chini ya sehemu ya kukalia nyuma. Fundi mkuu aliniandikia kuniuliza, nami nikajibu neno moja: sawa. Siku ya kukiteremsha watu wanapiga makofi, mimi naangalia ule mstari wa rangi ya bluu. Nyuma ulikuwa umezama wote. Mwenye chombo alifurahi, hakuona chochote. Mke wake aliutazama mstari, akanitazama mimi, akautazama tena mstari. Hakusema neno. Tulikitoa majini, tukapaka mstari upya juu zaidi.

Ulizeni mnachotaka, nitajibu nikipata nafasi.

#2 BwanaKelele

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Huyo mama angekuwa mwalimu wangu wa hesabu ningefika mbali.

#3 Taruma_la_Tatu

Mkuu shikamoo, na asante kwa uzi. Mimi ndiye niliyeuliza kule. Nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu. Nina maswali mawili. Je, ni lazima niende kusomea usanifu wa vyombo vya majini kabisa, au mitambo inatosha? Na je, ajira zipo, au nitamaliza nianze kuchora boti za kutundika ukutani?

#4 Msanifu_Tanga

Marahaba, kijana. Nakujibu bila kukupaka mafuta.

Shahada yenyewe ipo. Southampton kule Uingereza, Delft kule Uholanzi, Michigan kule Marekani, na hukohuko Marekani kuna Webb, chuo kidogo kilichoanzishwa 1889 ambacho kila mwanafunzi wa shahada anasoma kitu kilekile, usanifu wa vyombo vya majini na uhandisi wake. Kuna pia Westlawn, walioanza 1930 kufundisha kwa masafa usanifu wa boti ndogo, na watu wengi wa fani hii walipitia huko usiku baada ya kazi.

Ila ujue chuo kikuu kitakufundisha meli. Meli za mafuta, vivuko, majukwaa ya baharini. Chombo cha matanga ni kona ndogo ya mtaala, maana waajiri wakubwa hawako huko. Mitambo unayosoma si bure hata kidogo: nguvu za vitu, mtiririko wa maji, mtetemo, vyote utavitumia. Utakachokosa ni uthabiti wa chombo na tabia ya bodi (umbo la nje la chombo) kwenye mawimbi, na hivyo vinafunzika.

Wapo waliofika bila cheti. Olin Stephens, msanifu wa Marekani, aliingia chuo cha MIT akaumwa, akaacha kabla ya mwaka kwisha. Akiwa na miaka 21 alichora Dorade, mita 16 hivi, nyembamba, na watu wakasema ni finyu mno kwa bahari kuu. Mwaka 1931 ilivuka Atlantiki katika mashindano na kufika siku mbili mbele ya wengine. Aliendelea kuchora maisha yake yote, akafariki 2008 akiwa na miaka 100. Na mwaka 2013 Dorade ileile, mbao zilezile kwa sehemu kubwa, ilishinda mashindano ya kutoka California hadi Hawaii. Lakini usinisome vibaya. Stephens alikuwa na kipaji cha ajabu, na baba aliyekuwa tayari kugharamia chombo chenyewe. Ukikosa kimojawapo, soma.

Ajira: ofisi za kuchora vyombo vya matanga pekee ni chache, na nyingi zina watu watatu, wanne. Ndiyo maana nilianza na vivuko. Miaka mitano niliandika vitabu vya uthabiti: abiria wote wakikimbilia upande mmoja, kivuko kinalala nyuzi ngapi? Niliona napoteza muda. Leo nikikaa na mkaguzi wa usalama ninajua anachokitafuta kabla hajafungua mdomo, na nililijua hilo kwenye vivuko.

#5 Mzee_Ngamani

Nimesoma kimya, sasa nimeshindwa. Nimepeleka vyombo vya watu ng'ambo ya bahari zaidi ya miaka 30. Nyie wasanifu wa siku hizi mmetuharibia. Zamani chombo kilikuwa na mkuku mrefu, ule uti wa chini ya chombo, kuanzia mbele mpaka kwenye usukani, unaweza kuachia usukani ukapika chai. Sasa mnatengeneza sahani, shetri pana kama sebule, mkuku kama kisu cha mkate umening'inia katikati. Bandarini ni raha. Ukiingia baharini kinapiga tumbo juu ya mawimbi mpaka meno yanalegea. Nijibu hilo.

#6 Msanifu_Tanga

Mzee wangu, nakuheshimu, na nusu ya unayosema nakubaliana nayo bila kubishana. Nusu nyingine nitakubishia.

Mkuku mrefu una sifa zake na historia ni shahidi. Suhaili ya Robin Knox-Johnston, mita 9.8, ilizunguka dunia na yeye peke yake ndani, bila kuingia bandarini, kwa siku 312, kwenye mashindano ya Golden Globe ya mwaka 1968 hadi 1969. Mchoro wake ulitoka kwa William Atkin, naye aliuegemeza kwa Colin Archer wa Norwei, yule aliyechora boti za waokoaji zilizokuwa zikitoka kwenye dhoruba wakati wengine wanarudi. Kwenye mashindano hayohayo Bernard Moitessier alikuwa na Joshua, ya chuma, mchoro wa Jean Knocker. Na si mambo ya kale tu: Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini alishinda mzunguko wa dunia wa Golden Globe uliomalizika 2023 akiwa na chombo cha mkuku mrefu, tena njiani alimwokoa mshindani mwenzake ambaye chombo chake kilizama.

Lakini mkuku mrefu una eneo kubwa linaloburuta maji. Upepo ukiwa mwembamba hauendi. Kupiga bisha kuelekea upepo unakotoka ni mateso, na kurudi nyuma kwa injini bandarini unamwomba Mungu. Mwaka 1973 Robert Perry alichora Valiant 40. Juu ya maji ni chombo cha kizamani, shetri imechongoka kama omo. Chini ya maji akaweka mkuku mfupi, usukani ukakaa peke yake nyuma, umeegemezwa kwenye pezi lake. Watu waligundua kwamba unaweza kusafiri salama na kufika wiki moja mapema. Siku unazopunguza baharini nazo ni usalama, mzee.

Sasa kuhusu sahani. Ubaya ulianzia kwenye kanuni za mashindano. Miaka ya 1970 kulikuwa na kanuni ya kupima vyombo iliyoitwa IOR. Ilipima upana na kina sehemu fulanifulani za bodi, wasanifu wakatengeneza matuta palepale mkanda unapopita. Ilimwadhibu pia mwenye uthabiti mkubwa. Kwa hiyo ukitaka kushinda unatengeneza chombo kipana, chepesi, chenye farumi kidogo, yaani uzito wa chini wa kukisimamisha. Wauzaji wakachukua maumbo yale wakaweka vitanda ndani, wakaita vya familia.

Agosti 1979 yakaja mashindano ya Fastnet, kutoka Uingereza hadi mwamba wa Fastnet kule Ireland na kurudi, na dhoruba ikawakuta njiani. Vyombo 303 vilianza, vilivyomaliza ni 86. Mabaharia 15 walikufa. Vyombo 24 vilitelekezwa, na vingi vilikutwa baadaye vinaelea vyenyewe. Lile kundi la vyombo vidogo kabisa, aliyemaliza ni mmoja tu: Assent, chombo cha aina ya Contessa 32 alichokichora David Sadler, chembamba na kizito kwa chini. Kile kikilazwa, hata kikipita nyuzi 150, bado kinataka kuinuka.

Baada ya hapo watafiti wa Southampton na wa Marekani waliingiza vielelezo vidogo vya vyombo kwenye matangi ya mawimbi. Walichokiona kimenikaa kichwani: wimbi linalovunjika, likikupiga ubavuni, halihitaji kuwa mlima. Kimo cha asilimia 30 ya urefu wa chombo kinaweza kutosha kukipindua. Chombo cha mita 10, wimbi la mita 3. Na kitu kingine kilichowashangaza wengi: mlingoti husaidia. Uzito wake ulio mbali juu hufanya chombo kiwe kizito kuanza kuzunguka, wimbi linapita kabla hakijageuka. Chombo kilichovunjika mlingoti hupinduka kirahisi zaidi.

Kwa hiyo shetri pana ya leo si uchawi wala si ujinga. Inakupa nguvu ya kusimama kwenye nyuzi 15, 20, inakupa nafasi ya usukani mbili. Kosa ni msanifu kutegemea upana peke yake na kusahau farumi ya risasi chini. Chombo kipana chenye farumi haba kikishapinduka, kinatulia vizuri sana kichwa chini.

#7 Mzee_Ngamani

Hapo mwisho umesema. Chai yangu naipika hata hivyo.

#8 FundiFaiba

Mimi ni mwanamke wa karakana, nimelaza faibaglasi miaka 14, na nina la kuwaambia wasanifu. Mnachora kona ambazo mkono hauingii. Nimewahi kupewa mchoro wa tangi la maji ambalo likishafungwa hakuna binadamu atakayeligusa tena mpaka sakafu ikatwe kwa msumeno. Nikampigia msanifu, akaniambia kwenye kompyuta linaonekana vizuri. Kwenye kompyuta hata mimi naonekana vizuri.

Swali langu ni la boliti za mkuku. Mnazikadiriaje?

#9 Msanifu_Tanga

Dada, nimecheka mpaka machozi, halafu nimefungua mchoro wangu wa sasa kuangalia tangi.

Ulichosema ndicho kinachomtenga msanifu aliyekaa karakana na ambaye hajakaa. Mimi nilishika roli ya resini mwaka mmoja tu, na bado nafaidi. Hata jina la msanifu liko mikononi mwenu. Ile Valiant niliyoisifu: zilizotengenezwa kati ya 1976 na 1981 zilitiwa resini ya kuzuia moto, kwa nia njema kabisa, bodi zikatoka malengelenge makubwa. Mchoro haukuwa na kosa. Lakini mnunuzi akiona lengelenge haulizi resini ilitoka wapi.

Boliti sasa. Kesi inayojulikana zaidi ni ya chombo Cheeki Rafiki, mita 12 hivi, kilichopoteza mkuku Atlantiki ya kaskazini Mei 2014. Watu wanne, wote walipotea. Uchunguzi wa Uingereza ulielekeza macho mahali ambapo wenzetu wengi walikuwa hawaangalii vya kutosha: si boliti peke yake, ni kile kiunzi cha ndani kinachogawa nguvu za mkuku kwenye bodi. Kimegundishwa. Chombo kikigusa mwamba mara moja, mara mbili, gundi inaachia sehemu, na juu ya sakafu huoni kitu.

Kuna kanuni ya kimataifa, ISO 12215 sehemu ya 9, inayotaja hali za kukadiria: chombo kimelala nyuzi 90 na mkuku unaning'inia pembeni, kimegonga mwamba kwa mbele, kimegonga chini wima juu ya mkuku wenyewe. Mimi natimiza hizo, kisha naongeza yangu. Chombo cha safari ndefu kitagonga chini, iwe leo iwe miaka kumi ijayo. Nafanya mataruma ya sakafu (mbavu za ndani) kuwa mazito kupita hesabu, na nahakikisha kila boliti inaonekana na inafikika kwa kuinua ubao mmoja. Mteja mmoja alilalamika kwamba sakafu yake ina vifuniko vingi kama barabara ya mjini. Sikumbadilishia.

#10 BwanaKelele

Kwa hiyo nikinunua chombo nianze kwa kufunua sakafu kabla sijaangalia friji. Nimeandika.

#11 Taruma_la_Tatu

Mkuu, mteja akija, mnaanzia wapi hasa? Maana hesabu zote zinategemeana. Huwezi kujua uzito bila bodi, na huwezi kuchora bodi bila kujua uzito.

#12 Msanifu_Tanga

Hilo swali ni la mtu aliyeanza kuelewa. Wenyewe wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndivyo kazi inavyokwenda. Unazunguka: unakisia uzito, unachora bodi, unapanga ndani, unahesabu, uzito umekua, unarudi kwenye bodi. Kila mzunguko duara linakuwa dogo. Mizunguko minne, mitano, ndipo namba zinatulia.

Mimi siku ya kwanza sichori kitu. Namuuliza mteja: siku ya kumi baharini, saa tisa usiku, nani yuko juu na nani amelala, na amelala wapi? Wengi hawajawahi kufikiria. Wanakuja na picha ya kitanda kikubwa cha mbele, futi kwa futi kama cha nyumbani. Kitanda hicho ni cha nangani. Baharini omo inapanda na kushuka mita 2, unaruka juu ya godoro kama samaki. Kitanda cha kulala safarini ni chembamba, sentimita 60 hivi, karibu na katikati ya chombo, kina kitambaa cha kukuzuia usidondoke. Nikimwambia mtu sentimita 60 ananiangalia kama nimemtukana.

Halafu mzigo. Maji, mafuta, chakula, zana, vitabu, baiskeli zao. Watu wawili wa safari ndefu hupakia tani moja na nusu bila kuona haya, na miaka mitatu baadaye imefika mbili. Chombo cha tani 8 kimekuwa cha tani 10. Kwa hiyo sichori chombo kikiwa kitupu, nachora kikiwa kimechoka.

Namba za mwanzo ni rahisi, unaweza kufanya kwenye daftari. Mwendo wa bodi isiyoteleza juu ya maji: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita, zidisha 2.43, unapata maili za bahari kwa saa. Mita 10 inakupa 7.7, hata uweke matanga ya meli nzima. Matanga nayo: gawa eneo lake kwa ujazo wa maji yanayosukumwa, ujazo ukiwa umepandishwa kwa theluthi mbili. Tani 8 na matanga ya mita za mraba 68 inatoa 17 na ushee. Chini ya 15 utaishi kwa injini. Ukipita 20, mtu mmoja zamu ya usiku atakuwa na kazi ya kupunguza matanga kila wingu likitokea.

Kisha mlingoti. Kilo 10 ukiziweka mita 15 juu ya kitovu cha uzito, kuzifuta unahitaji kilo 100 kwenye mkuku mita 1.5 chini yake. Mteja anasema, "ni rada ndogo tu." Najua nimesifu uzito wa mlingoti hapo juu kwa Mzee, na sijakana. Unakusaidia dhidi ya wimbi moja la ghafla, unakuibia kila siku nyingine. Ukipata jibu safi la hapo niletee, mimi sijalipata.

Na kuna urari. Kitovu cha nguvu ya matanga kinatakiwa kiwe mbele kidogo ya kitovu cha ubavu wa chini ya maji. Kidogo kiasi gani? Asilimia 10 hadi 17 ya mstari wa maji kwa chombo cha mlingoti mmoja, na ndani ya hapo kila msanifu ana imani yake. Ukikosea nyuma, chombo kinang'ang'ania kugeukia upepo, nahodha anapigana na usukani mchana kutwa. Ukikosea mbele, kinageuka kuukimbia upepo mtu akiachia usukani, na hilo ni baya zaidi.

Mwisho mkaguzi. Kwa soko la Ulaya chombo kinapewa daraja, A hadi D. Daraja A ni bahari ambako upepo unaweza kuzidi nguvu 8 ya kipimo cha Beaufort na mawimbi kuzidi mita 4. Kinachodaiwa ni pamoja na pembe ambayo kikifika hakirudi: kwa chombo cha tani 8 isipungue nyuzi 114. Namba hiyo inapungua chombo kikiwa kizito zaidi. Mimi nikiona 114 nakosa usingizi. Nataka 125.

#13 Jua_Kali_88

Naona mnaongea hesabu za kipeo. Siku hizi si kuna programu, unaingiza urefu na upana inachora yenyewe? Fani imekwisha hiyo.

#14 Msanifu_Tanga

Programu ninazo, nazipenda, zimenitoa kwenye fito za mbao na vyuma vya risasi vya kuzishikilia mezani. Utabiri wa mwendo kwa kompyuta ulianza MIT miaka ya 1970, na Delft wamevuta mamia ya majaribio ya vielelezo vya bodi kwenye tangi lao tangu muongo huohuo. Mimi hapa nakula matunda yao bure. Lakini programu inajua kilo unazoiambia. Ile "sawa" yangu ya jenereta haikuwa kwenye programu yoyote.

#15 Omo_Safi

Nina swali ambalo wengine wanaona aibu kuuliza. Inalipa?

#16 Msanifu_Tanga

Inalipa kwa vipande. Mteja wa chombo kimoja hulipa mchoro kwa hatua, na katikati wapo wanaopotea. Kiwanda hulipa mrabaha kwa kila bodi inayotoka kwenye kalibu, hivyo mchoro mmoja mzuri unaweza kukulisha miaka, na mchoro mzuri uliotoka mwaka mbaya wa soko haukulishi hata mwezi. Wapo wanaouza michoro kwa wajenzi wa nyumbani. James Wharram aliishi hivyo na vyombo vyake vya bodi mbili kwa zaidi ya nusu karne. Katikati hapo nakagua vyombo vya watu, nahesabu milingoti mipya, naandika ripoti za bima. Mwaka jana pesa yangu nyingi ilitoka kwenye boti za kubebea marubani wa meli. Hakuna aliyeniuliza mistari ya shetri yake ikoje.

#17 FundiFaiba

Na mimi nimalizie langu. Umewahi kusafiri na chombo ulichokichora mwenyewe? Namaanisha safari ya kweli, si mzunguko wa bandarini na glasi mkononi.

#18 Msanifu_Tanga

Mara tatu, dada. Ya kwanza siku 19.

Siku nne nilitapika, nikalala kwenye kile kitanda cha sentimita 60 nikashukuru. Nilisikia kila kitu nilichokosea. Mlango wa kabati ulikuwa unagonga kila chombo kikilala upande wa kushoto, kwa sababu nilichora komeo dogo linalopendeza. Maji ya kuoshea vyombo yalipanda kwenye sinki tukilala nyuzi 20, kwa sababu nililiweka mbali na katikati.

Usiku wa sita nilitoka zamu saa nane, giza, nimevaa makoti yote. Nikashuka ngazi. Kati ya ngazi na meza ya ramani, hapo karibu na jiko, nilikuwa nimechora kishikio cha mbao. Mwenye chombo aliona kinamziba macho, akaniomba nikifute, nami nikafuta, mstari mmoja tu kwenye mchoro. Lakini mkono wangu ulikuwa haujui. Chombo kikalala, nikanyoosha mkono pale nilipokichora, ukashika hewa. Nilivuka chumba kizima kwa bega, nikasimamishwa na jiko. Mbavu mbili.

Kishikio kipo kwenye kila chombo changu tangu hapo. Mteja akikataa, tunatafuta kitu kingine cha kufuta. Kwenye jedwali la huu mradi wa sasa kiko mstari wa 611: mti mgumu, kilo 0.8.

#19 Taruma_la_Tatu

Kilo 0.8 pamoja na skrubu?

#20 Msanifu_Tanga

Skrubu ni mstari wa 612. Kijana, ukimaliza mwaka wa tatu nitumie ujumbe.